Mfumo Uliomwita Vero

Mwalimu Veronika Ndunguru hakupofuka kwa siku moja. Kwanza ilipotea pembe ya kushoto, akawa anajigonga kwenye milango. Halafu ubao ukaingia ukungu. Halafu siku moja mwaka 2006, akiwa darasani na kidato cha tatu, akagundua kwamba anaandika juu ya maneno aliyokwisha kuyaandika, na kwamba wanafunzi wamenyamaza kwa kumwonea huruma. Madaktari walisema ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Alichelewa kwa sababu mwaka mzima kabla ya hapo macho yake yote yalikuwa kwa mumewe.

Mumewe, Filipo, alikuwa mwendesha winchi katika Bandari ya Mtwara, mtu wa Mbinga, mrefu, mwenye vicheko vya karibu. Alipougua saratani ya koo alipelekwa Dar es Salaam akapasuliwa, akarudi hai, lakini sauti aliyorudi nayo haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya bati, haipandi wala haishuki. Kila silabi ilitoka na uzito uleule, na katikati ya maneno palikuwa na mapengo. Alipomwita mkewe alisema "Ve-ro", kila kipande peke yake. Filipo aliionea haya sauti hiyo. Akakataa kupokea simu, hata za binti yao Agnes, aliyekuwa anasoma Morogoro. Aliishi hivyo miezi michache, akafa. Walioijua sauti ile vizuri walikuwa wawili tu: Veronika, na Somoe, mwanamke wa Msimbati aliyeishi nao pale mtaa wa Ufukoni na kusaidia kumuuguza.

Macho yalipokwisha, Veronika hakutaka kukaa kibarazani akiongozwa mkono. Alikuwa amejifunza kupiga chapa tangu chuoni, na vidole vyake vilijua herufi zilipo. Walimu wenzake bado walimwomba awatungie mitihani ya Kiswahili. Agnes, ambaye sasa alikuwa na kazi Mwanza, akamtumia kompyuta ya mezani, ya mtumba lakini nzima. Shida ilikuwa moja: aliweza kuandika, hakuweza kujua ameandika nini. Somoe alikuwa anasoma maneno ya khanga na ya magunia ya korosho, lakini kusoma kwenye kioo kulimtoa jasho, na mara nyingi aliishia kusema, "Mama Agnesi, hapa pameandikwa vizuri tu."

Ndipo akaitwa Rashidi Chilumba, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Mkanaledi. Alikuwa amehamia mjini kutoka Newala mwaka ule wa 2008, mtu wa makamo, mpole, anayependa kueleza mambo kwa urefu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Wameniambia kompyuta inaweza kufundishwa kusema."

"Inaweza. Ile programu ya kusemesha Windows, bei yake inazidi bei ya kompyuta yenyewe. Kwa hiyo nimekuletea Linux."

"Ni nani huyo?"

Rashidi akacheka. "Ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo, ila huu watu wanautengeneza kwa pamoja na kuugawa bure. Sasa kila kundi linautoa kwa namna yake. Kuna Knoppix, kuna Fedora, kuna Ubuntu, kuna Debian. Ndani ni ndugu, nje wanatofautiana. Huyu ana rangi ya udongo, yule bluu, huyu menyu yake iko juu..."

"Fundi," Veronika akamkatiza, "rangi unamwambia nani?"

"Niwie radhi, Mwalimu."

"Usijali. Mimi niambie upi unasema. Niambie upi utawaka kila asubuhi bila mimi kukuita wewe. Upi utafungua kazi za walimu wanaotumia Windows, na utaingia kwenye intaneti kupitia simu yangu. Hayo ndiyo ninayotaka kulinganisha."

Wakaanza kulinganisha, na ilikuwa kazi ya wiki kadhaa, kwa sababu Rashidi alikuja alipopata nafasi tu, na umeme nao ulikuja ulipopata nafasi.

Wa kwanza ulikuwa Knoppix. Huo haukuhitaji kuwekwa ndani ya mashine. Uliendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye sidii. Ulichukua muda mrefu kuamka, sidii ikilia kama panzi aliyefungiwa ndani ya kopo, kisha ukasema kwa Kiingereza. Veronika alifurahi kama mtoto. Lakini ulipozimwa na kuwashwa tena, haukukumbuka chochote.

"Huyu ni mgeni," akasema. "Anakula, anaaga, hajui tena jina langu."

"Unafaa kuokoa mashine iliyoharibika," Rashidi akakubali. "Kuishi nao kila siku, hapana."

Wa pili ulikuwa Fedora. Huo waliuweka kabisa kwenye mashine. Ulikuwa mwepesi, na kila kitu kilikuwa kipya, ila Rashidi alisema matoleo yake yanafuatana haraka na kila mara itabidi arudi kuubadilisha. Simu haikukubali kuunganika. "Huenda kosa ni langu," alisema, "bado sijazijua amri zake." Sauti aliyoiwasha ilikuwa ya Kiingereza tu, na walipoandika "habari za nyumbani" ikasoma kitu ambacho hata shetani asingekielewa. Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Veronika alimsikia anacheka, akacheka naye, na wote wawili wakanyamaza ghafla, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka hivyo ndani ya nyumba ile tangu msiba.

Wa tatu ulikuwa Ubuntu. Rashidi alikuja na sidii yake ndani ya bahasha nyembamba ya kadi, aliyoagiza kwa posta bila malipo. Ukaingia bila matata. Ulipowaka ulitoa mlio wa ngoma, Veronika akatabasamu. Simu ikaunganika. Mitihani ya walimu ikafunguka. Rashidi akaingia kwenye mipangilio ya sauti, akawa anasoma orodha ya lugha kwa mnong'ono.

"Mwalimu! Humu kuna Kiswahili. Wameandika ni cha majaribio, lakini kipo."

"Kiweke."

Akabonyeza. Rashidi akaandika maneno ya kwanza yaliyomjia: *Habari za asubuhi, mama.*

Spika zikasema.

Jikoni sufuria ilianguka. Somoe alikuja mbio hadi mlangoni, akasimama pale, mikono yake ikiwa na unga wa muhogo. "Baba Agnesi," alisema. Hakuuliza. Alisema kama mtu anayemwona mtu akiingia.

Veronika hakusogea. Ilikuwa sauti ileile, kavu, ya bati, kila silabi na uzito wake, na yale mapengo katikati ya maneno.

"Ni mbaya kidogo, najua," Rashidi alisema, kwa kuwa hakuwahi kumjua Filipo. "Inakwaruza. Lakini maneno inayatamka sawa. Niitoe?"

"Iache," Veronika akasema.

Kwa matumizi ya kila siku, mfumo ule ulishinda. Asubuhi aliwasha mwenyewe, akasomewa barua pepe za Agnes, akajibu, akatunga maswali, akasahihisha insha walizomletea walimu kwenye flashi. Kila herufi aliyoibonyeza, Filipo aliitaja. Mwanzoni aliondoa vidole kwenye kibodi kila ilipotaja. Baadaye akazoea. Baadaye tena, akaanza kuisubiri.

Siku moja alipomaliza kazi, badala ya kuzima, aliandika: *Vero, umechoka?* Akabonyeza kitufe cha kusoma.

"Ve-ro, u-me-cho-ka?"

"Kidogo," alijibu.

Kuanzia hapo aliandika kila siku. Alimwandikia Filipo maneno ya kusema, kisha akayajibu kwa mdomo. Alimfanya aulizie korosho za mwaka huu, meli zilizoingia, afya ya Agnes. Walimu walipoleta kazi aliwaambia waiache tu mezani, atawaita. Jumapili alimwambia Somoe kwamba magoti yanamuuma, hawezi kwenda kanisani. Barua za Agnes zikawa zinasomwa, hazijibiwi. Somoe alipika, akaweka chakula mezani, akakiondoa kikiwa baridi. Hakuingia tena sebuleni kompyuta ikiwa imewashwa. Alipita nje, akazunguka nyumba, akaingilia mlango wa nyuma.

Halafu ikaja siku ya mvua. Ilikuwa mchana, Somoe ameenda sokoni. Veronika alikuwa chumbani amejilaza, kompyuta ameiacha ikiwaka sebuleni. Mvua ilianza ghafla, na mabati yakawa yanapiga kelele. Katikati ya kelele ile akaisikia sauti.

"Ve-ro. Fu-nga di-ri-sha."

Akainuka akapapasa ukuta mpaka sebuleni. Dirisha la upande wa bahari lilikuwa wazi. Maji yalikuwa yameshalowanisha pazia, yanatiririka ukutani kuelekea kwenye nyaya za kompyuta. Akalifunga. Akasimama pale, kiganja juu ya kioo cha dirisha, akisubiri isemwe tena. Haikusemwa tena.

Somoe aliporudi alimkuta bado amesimama. Veronika akamweleza, na kosa lake lilikuwa kumweleza kwa furaha.

Somoe aliweka kapu la sokoni chini. Kisha akasema, "Mama Agnesi, mimi nakwenda nyumbani Msimbati."

"Kwa nini? Amekufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu. Lakini mtu tulimwosha, tukamvika, tukamzika. Mimi nilishika miguu yake. Sasa unamwita kila siku aje kazini. Anachoka, mama." Akafunga khanga zake, akaondoka siku iliyofuata.

Rashidi aliitwa. Alikagua mashine, akafungua kila faili. "Mwalimu, ukurasa uliokuwa wazi ni mtupu. Neno dirisha silioni popote. Labda uliandika ukafuta?"

"Sikuandika."

"Labda mvua, Mwalimu. Mabati yakipigwa hivyo mtu husikia mengi."

"Labda," alisema Veronika, na Rashidi akaona kwamba amempa jibu hilo ili aondoke.

Veronika alikaa peke yake. Jirani yake Theresia alimletea chakula, akabisha, akaingia, akamkuta amekaa mbele ya kioo cha kompyuta anazungumza. Theresia ndiye aliyempigia simu Agnes.

Agnes alifika bila kutoa taarifa, akiwa na vumbi la safari nzima. Alimkuta mama yake amekonda, nywele hazijasukwa. Hakugomba. Alichemsha maji, akamwogesha, akampikia uji, na alipomwona amekunywa wote ndipo alipouliza.

"Mama, Theresia anasema unaongea na kompyuta."

"Naongea na baba yako. Njoo umsikie."

Veronika alikaa kwenye kibodi, uso wake umenawiri kama wa mtu anayetambulisha mgeni wa heshima. Akaandika: *Agnes mwanangu, karibu nyumbani.* Akabonyeza.

Sauti ilipomaliza, Agnes alibaki akimtazama mama yake.

"Mama, hiyo ni kompyuta."

"Sikiliza vizuri."

"Nimesikiliza. Hiyo siyo sauti ya baba. Baba alikuwa na besi. Akiimba kanisani mabenchi yalikuwa yanatetemeka, mimi nilikuwa naweka kiganja juu ya benchi ili nilisikie likitetemeka. Huyu ni nani?"

"Ndivyo alivyosema mwishoni. Baada ya kupasuliwa."

"Mwishoni mimi niliambiwa amelala," Agnes akasema taratibu. "Kila nilipopiga."

"Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa hapo ulipo. Alikuwa anasikiliza unavyoongea na mimi, na machozi yanamtoka. Hakutaka uisikie sauti hii. Aliniapisha."

Agnes akalia kwa muda. Mama yake alimpapasa bega. Kisha Agnes akajifuta, akasema kwa hasira kidogo, "Basi kama hakutaka niisikie, kwa nini umenisikilizisha?"

Veronika aliondoa mkono begani mwa binti yake. Halafu akasema, "Iige sauti yake. Ile ya zamani."

"Siwezi, mama, mimi ni mwanamke."

"Jaribu tu. Alivyokuwa akibisha hodi akitoka bandarini."

Agnes akashusha sauti kadiri alivyoweza, akavuta pumzi, akasema, "Wenyewe mpo? Au mmehama?"

Veronika aliinamisha kichwa kusikiliza. Maneno aliyakumbuka. Alikumbuka buti, harufu ya vumbi la korosho kwenye shati, mkono uliokuwa ukimshika kiunoni. Sauti haikuja. Alirudia maneno yale kimoyomoyo, mara kwa mara, na kila mara aliyesema alikuwa yule wa bati. "We-nye-we m-po." Miaka zaidi ya ishirini aliyoishi na mwanamume yule, kila alichowahi kumwambia, posa, ugomvi, maombi, yote sasa yalikuwa yanasemwa na sauti ya miezi michache ya mwisho.

Akashika mkono wa Agnes kwa nguvu hata kucha zikaingia. "Imemla," alisema. "Agnes, sauti hii imemla mzima."

Kesho yake Rashidi alikuja. Alisikiliza maelezo ya Agnes akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akisema "La haula" kwa sauti ya chini.

"Nifute, niweke mfumo mwingine?" akauliza. "Tunaweza kurudi Fedora, au tukajaribu Debian. Huo haubadiliki badiliki, unakaa miaka."

"Mfumo ni mzuri," alisema Veronika. "Nimeulinganisha na mingine, sijaona wa kunifaa kama huu. Shida ni sauti."

"Lakini sauti inabadilishwa, Mwalimu! Unaweza kuipandisha, unaweza kuweka ya mwanamke. Ningekubadilishia siku ileile. Hata wewe mwenyewe ungeweza, mipangilio yake inajisoma."

"Nilijua," Veronika akasema.

Rashidi akakaa, akabonyeza mara chache. Alipojaribu, spika zikatoa sauti nyembamba, ya kike, bado ya bati, kama mwanamke anayeongea ndani ya ndoo. Haikuwa sauti ya mtu yeyote waliyemjua. Veronika akaisikiliza ikisoma barua nzima, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaomba apelekwe kulala, akalala mpaka saa kumi jioni.

Agnes alikaa hadi likizo yake ilipokwisha. Kabla ya kuondoka alimfuata Somoe Msimbati, kwa gari la wavuvi wa Mnazi Bay lililokuwa likirudi tupu, akamwomba arudi. Somoe alikuja. Aliweka mzigo wake kibarazani, hakuingia.

"Baba Agnesi ameondoka?" akauliza kutoka nje.

"Ameondoka, Somoe. Ingia."

Somoe aliingia, akakaa mkekani karibu na miguu ya Veronika. Agnes alikuwa ameshapanda basi. Nyumba ilikuwa kimya, kompyuta imezimwa.

"Mama Agnesi, kuna neno sikukwambia. Usinikasirikie."

"Sema."

"Mimi nilimsikia kabla ya kompyuta."

Veronika aligeuza uso kumwelekea.

"Mwaka ule uleule tuliomzika. Nilikuwa nasikia jikoni, nikiwa nachota maji kwenye pipa. Mchana kweupe. Sauti ileile. Nikajiambia ni masikio yangu, mama ana uchungu wake, nisimwongezee. Ndiyo maana siku ile fundi alipoiwasha niliangusha sufuria. Nilidhani sasa kila mtu anamsikia."

"Alikuwa anasema nini?"

"Maji. Maji tu."

Veronika alijua ni kwa nini. Wiki za mwisho Filipo hakuweza kumeza. Walimlowesha midomo kwa pamba, na yeye alikuwa akiitazama bilauri ya maji bila kupepesa. Daktari alikataza asipewe, atapaliwa. Siku ya mwisho aliomba kutwa nzima, na wao wakamtii daktari.

Veronika alikuwa Mkatoliki wa kulelewa na masista, na mambo ya tambiko alikuwa amewakataza wanafunzi wake miaka yote. Lakini alisimama akasema, "Chota."

Wakaenda wote wawili, Somoe akiwa na ndoo kichwani, Veronika ameshika ncha ya khanga yake. Jua lilikuwa kali, na makaburini hapakuwa na mtu. Somoe alimwekea mkono juu ya msalaba ili ajue upande wa kichwa. Veronika alipiga ishara ya msalaba, akasali sala ya marehemu, kisha akainamisha ndoo mwenyewe, polepole, akisikia mchanga unavyofyonza. Ulifyonza haraka kuliko alivyotarajia. Alimimina yote, akasimama na ndoo tupu.

"Umesikia kitu?" alimwuliza Somoe.

"Hapana, mama."

"Hata mimi."

Baada ya hapo alirudi kwenye kazi zake. Walimu wakarudi na flashi zao. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa karibu na kwaya, akaweka kiganja juu ya benchi. Sauti ya Filipo ya zamani haikumrudia, si siku ile wala siku nyingine, na Agnes alipompigia simu kuuliza, alimwambia ukweli kwamba bado.

Mwishoni mwa mwaka 2009 diski ya kompyuta ilikufa, ikawa lazima kuanza upya. Rashidi alikuja na diski nyingine, na toleo jipya la Ubuntu, na Debian pia, akaeleza tofauti zake kwa urefu kama kawaida yake, safari hii bila kutaja rangi. Veronika alichagua Ubuntu, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeshaizoea njia. Alikaa kwenye kiti cha pembeni akingoja, mikono mapajani, mpaka mashine ilipomaliza kunguruma.

"Tayari, Mwalimu. Nikuwekee sauti ipi?"

"Ya mwanamke."

"Haya. Mimi naomba nikimbie Mkanaledi mara moja, mteja ananisubiri. Wewe bonyeza tu hapa, itaanza yenyewe."

"Fundi," alisema Veronika. "Usiondoke. Kaa mpaka iseme."